Jina la Pili kwenye Makala

Jina la Mama Konokono, kama wenzake walivyomwita, lilikuwa la tatu kutoka chini. Waliomfuata walikuwa mzee mmoja wa somo la miamba, aliyekuwa akihesabiwa miezi ya kustaafu, na mwalimu wa hisabati aliyefariki mwaka uliotangulia ambaye hakuna aliyekumbuka kumtoa. Mkuu wa kitivo aliyatupa majina yote ukutani kwa projekta, kila jina na namba yake ubavuni: mara ngapi watafiti wengine duniani wamenukuu kazi za mwenye jina hilo. Ukumbini kukawa na kimya cha watu wanaotafuta majina yao huku wakijifanya hawatafuti.

Katikati ya orodha palikuwa na mstari mwekundu. Mkuu alieleza kwa upole kwamba kuanzia muhula ule, mkataba wa aliye chini ya mstari ukiisha, umeisha. Mkataba wa Mama Konokono ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka wa masomo, na nyumba aliyokaa na mumewe ilikuwa ya chuo.

Akanyoosha mkono. Alisema konokono wa maji baridi wana wasomaji wachache. Makala ikinukuliwa mara thelathini katika fani yake, basi imesomwa na karibu kila mtu aliye hai anayewajua konokono hao. Kwenye fani ya dawa, makala ya kawaida tu hunukuliwa mara mia na hakuna anayeshtuka. Kuzipima fani zote kwa namba moja, alisema, ni sawa na kupima urefu wa mtu kwa kilo.

Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu. "Basi mama, tafuta konokono wanaosomwa."

Watu wakacheka. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alikuwa safu ya mbele, na jina lake lilikuwa la kwanza ukutani. Wenzake walimwita Nyota, kwa utani ulioanza na wivu na kuishia kuwa heshima. Yeye hakucheka. Aligeuka, akamtazama shemeji yake kwa huruma, na huruma ile ilimwuma Mama Konokono kuliko kicheko cha ukumbi mzima.

Wiki iliyofuata chumba chake cha utafiti kilipewa kundi la Nyota. Matangi yake ya kioo aliyakuta kwenye ukumbi mwembamba karibu na vyoo, yamepangwa chini kama viatu vya wageni. Ndani ya tangi moja mtu alikuwa amemwaga mabaki ya chai. Alikusanya konokono walionusurika, akaomba gari la rafiki, akawapeleka nyumbani.

*

Mumewe alikuwa fundi wa majokofu. Tangu mwenye karakana auze kiwanja chake, Fundi alikuwa akitengenezea barazani, na wateja walikuja kwa kudondoka dondoka. Siku ile hakuuliza kitu. Alichukua friza mbili zilizokufa, akazilaza sebuleni, akayapanga matangi juu yake na kuunganisha pampu za hewa. Alipomaliza alisimama akijifuta mikono.

"Haya," akasema, "tumepata wapangaji. Hawalipi kodi, lakini hawapigi kelele."

Mkewe alicheka, kisha cheko likageuka likawa kitu kingine, na ndipo alipomweleza habari ya mstari mwekundu. Fundi alikaa kwenye mkono wa kochi. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole na kusema kidogo. Aliuliza kama konokono wenyewe wana habari kwamba hawanukuliwi, na alipoona mzaha haukwenda, akamshika bega.

Jumapili yake mdogo mtu na mumewe walikuja kuwatazama. Nyota alikataa kiti kizuri, akakaa kwenye kigoda, akasifu matangi. Kisha akatoa neno. Alikuwa na makala karibu tayari, kuhusu unga mmoja wa kijivu unaotengenezwa kiwandani, unaoua konokono wanaobeba kichocho. Kiwanda kilikuwa kimegharimia utafiti. Sehemu ya konokono alikuwa ameijenga juu ya vipimo alivyovichapisha Mama Konokono miaka iliyopita, vile ambavyo hakuna aliyevisoma.

"Shemeji, mimi nina dawa, wewe una konokono," akasema. "Tuweke majina mawili. Wa dawa wataisoma, wa maji wataisoma, wa kilimo wataisoma. Kwa mwaka mmoja utakuwa umevuka ule mstari."

Mama Konokono aliisoma palepale. Sehemu ya konokono ilikuwa sawa. Alisahihisha mambo madogo mawili. Mwishoni kulikuwa na aya fupi iliyosema kwamba kwa kiwango kilichotumika unga huo unaonekana kuwa salama kwa binadamu. Akauliza vipimo vya aya ile viko wapi. Nyota alisema watu wa kiwandani ndio waliovifanya, yeye ana muhtasari, takwimu zenyewe zingekuja. Jarida lilikuwa linasubiri.

Alisema angependa kuziona kwanza. Nyota alisema bila shaka, akaomba maji ya kunywa.

Jikoni mdogo wake alimfuata na kufunga mlango. Alizungumza kwa sauti ya chini, ile ambayo tangu utotoni ilikuwa mbaya kuliko ya juu. Alimwambia kwamba mumewe ana watu kumi wanaolia jina lao liwekwe, na yeye, kwa kuwa ni dada, ndiye anayehoji kama askari wa zamu. Akamwambia aangalie barazani, amwone Fundi anavyoshinda akigonga mabati. "Dada, mtu anakubeba mgongoni, wewe unamkagua meno."

Mama Konokono akachukua glasi ya maji, akatoka. Siku mbili tatu aliandika kuomba takwimu. Jibu la kwanza lilisema zinakuja. La pili lilikuwa picha ndogo ya uso unaocheka. Siku ya mwisho ya jarida, akiwa ofisini na mlango wazi na wanafunzi wakipita, alifungua ukurasa uliomtaka athibitishe kwamba ameisoma makala yote na anawajibika kwa yote yaliyomo. Akathibitisha.

*

Makala ilitoka, na Nyota alikuwa amesema kweli. Madaktari wa kichocho waliinukuu, wahandisi wa maji wakafuata, kisha watu wa kilimo cha umwagiliaji, kisha hata wachumi, waliokokotoa faida ya kuua konokono kwa ekari. Namba ya Mama Konokono, iliyokaa mahali pamoja miaka nenda miaka rudi, ilianza kupanda. Mkuu wa kitivo alimsalimia koridoni akitaja cheo chake chote. Mkataba ukaongezwa. Chumba chake kikarudishwa, na fundi wa chuo akaja kukipaka rangi bila kuombwa.

Yeye alikuwa na tabia ya kusoma kila anayemnukuu. Zamani ilikuwa kazi ndogo. Sasa alisoma mpaka macho yakauma. Hakuna aliyenukuu konokono. Wote walikuwa wamechukua sentensi moja, ile ya aya ya mwisho. Makala yao ilikuwa imesema unga unaonekana kuwa salama. Waliofuata waliandika kwamba imethibitishwa ni salama. Waliowafuata hao wakaandika kwamba inajulikana. Katika safari yote ile, kutoka fani hadi fani, hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima kitu. Kila mmoja alikuwa ameegemea bega la aliyemtangulia, na wa kwanza kabisa kwenye foleni walikuwa Nyota na yeye.

Alijiambia kwamba huenda vipimo vipo na ni vizuri. Aliandika tena kuviomba.

Mwezi ule idara ya maji ilitangaza kwamba bwawa linalonywesha mji litasafishwa konokono. Nyota aliketi kwenye kamati. Akakumbuka jamaa, na Fundi akapata kazi: msimamizi wa kikosi kidogo cha kumwaga unga, mshahara wa kila mwezi, kofia yenye nembo. Alirudi nyumbani na nyama na soda, akavaa kofia ile ndani ya nyumba, akamwambia mkewe kwamba wenzake walikuwa wameogopa harufu ya magunia, naye akawatuliza. Aliwaambia mke wake ndiye aliyeuchunguza unga ule.

Mama Konokono aliacha kula. "Vaa glavu," akasema. "Na ufunge kitambaa puani."

"Wametupa glavu, lakini mikono inatoka jasho, gunia linateleza." Fundi alitafuna, akameza. "Si wewe mwenyewe umeandika ni salama?"

Lilikuwa swali jepesi, la mtu mwenye furaha. Jibu lake lilikuwepo, fupi tu. Lakini kofia ilikuwa mpya, na nyama ilikuwa bado inatoa moshi kwenye sahani, na hawakuwa wamecheka pamoja mezani kwa muda mrefu.

"Vaa tu," akasema.

*

Fundi alianza kukohoa. Akasema ni vumbi. Kisha ngozi ya vidole ikawa inatoka kama ganda la kitunguu, na hakuweza kushika bisibisi bila kukunja uso. Mkewe alimsihi apumzike, naye akasema msimamizi hapumziki wakati watu wake wako kazini. Tena wawili kati yao walikuwa wanakohoa vilevile, bila shaka ni mafua yanayozunguka.

Asubuhi moja Mama Konokono aliongeza maji ya bomba kwenye matangi yaliyokuwa bado sebuleni. Alipopita tena kuchukua mkoba, konokono wote walikuwa wamepanda juu ya mstari wa maji. Walikuwa wamejibandika kwenye kioo, safu kwa safu, wamejifungia ndani ya magamba yao. Konokono wa maji hakimbii maji ila kwa sababu moja, sumu, na maji ya bomba yalitoka bwawani. Alisimama pale mkoba ukiwa begani, na kutoka chumbani akasikia kikohozi cha mumewe akifunga kamba za viatu.

Hakwenda darasani. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Nyota, akafunga mlango nyuma yake.

"Nataka takwimu. Leo."

Nyota alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alionekana mtu aliyechoka kuliko mtu mbaya. "Hazipo, shemeji," akasema. "Walinipa ule muhtasari. Nilipowabana wakasema ni siri ya kiwanda. Nikadhani zitakuja."

"Walipima kwa watu?"

"Sijui."

"Kwa wanyama?"

"Nimesema sijui." Kisha akainama mbele, sauti ikashuka. "Nawe hukujua, na ulithibitisha. Kwa hiyo tuzungumze kama watu wazima. Tukisema leo, utarudi chini ya mstari, na mimi nina wanafunzi wanane ambao shahada zao zinasimama juu ya makala hii. Tusubiri umwagaji uishe. Zimebaki siku chache. Baada ya hapo tutaandika makala nyingine ya kurekebisha, taratibu. Hata hiyo itanukuliwa."

Alikuwa bado anazungumza simu ya Mama Konokono ilipoita. Ilikuwa namba ya mmoja wa kikosi cha bwawani. Fundi alikuwa ameanguka ukingoni, gunia likiwa begani.

*

Hospitali walimwekea hewa. Daktari alikuwa dada kijana, mwenye haraka lakini makini, aliyesikiliza kifua mbele na nyuma na kupiga picha mbili. Jioni ilipokaribia alimwita mke wa mgonjwa pembeni. Alisema mapafu yameungua kama ya mtu aliyevuta moto, na haelewi. Alikuwa ameanza matibabu ya nimonia kwa kuwa hakuona sababu nyingine.

"Kuna huo unga wanaoumwaga," Mama Konokono akasema.

"Niliufikiria kwanza kabisa. Nimesoma." Daktari alifungua simu yake na kumwonyesha. "Umeandikwa sana. Ni salama kwa binadamu, nimeona zaidi ya makala ishirini. Kwa hiyo hilo nimeliweka kando."

Kwenye kioo cha simu palikuwa na mlolongo wa makala, na chini kabisa, pale zote zilipochota, yao. Mama Konokono alitazama jina lake. Kitandani nyuma ya pazia Fundi alikuwa akivuta hewa kwa sauti ya msumeno butu. Kwenye benchi la koridoni alikaa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mke wa mmoja wa wamwagaji; mumewe naye alikuwa ameletwa mchana uleule. Mwanamke yule alikuwa amemshika mkono alipoingia, akamshukuru kwa kuja, akasema sasa moyo wake umetulia, maana ameambiwa huyu ndiye mtaalamu mwenyewe.

"Jina hilo la pili ni langu," Mama Konokono akasema.

Daktari akatazama simu, kisha akamtazama yeye.

"Hakuna aliyepima. Hiyo sentensi haina kitu chini yake. Hao ishirini wametunukuu sisi, na sisi hatukupima. Mtibu kama mtu aliyevuta sumu. Na huyo mwingine, na wengine wote watakaoletwa."

Daktari alitia simu mfukoni. Alikwenda kwa hatua ndefu, akimwita muuguzi. Mama Konokono alibaki ameshika ukingo wa meza ya dawa. Mwanamke wa benchini alikuwa amesikia kila kitu. Alimhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akasogea mpaka mwisho wa benchi, mbali naye.

*

Usiku haujaingia alikuwa ameliandikia jarida, idara ya maji na mkuu wa kitivo, maneno yaleyale kwa wote watatu. Umwagaji ulisimamishwa. Watu wa mji wakaambiwa wasinywe maji ya bomba, bila kuambiwa kwa nini. Mwenzake Fundi, mume wa yule mwanamke, alifariki Jumamosi.

Mdogo wake alikuja nyumbani bila kubisha hodi. Hakupaza sauti. Alisimama katikati ya sebule, kati ya matangi, akasema kwamba mumewe hajalala tangu juzi, kwamba angeweza kuambiwa kwanza, kwamba watu wa familia moja hawapelekani sokoni. Dada yake alimjibu kwamba alimwambia Nyota, ofisini kwake, naye akamwomba asubiri.

"Ungesubiri."

"Mume wangu alikuwa amebeba gunia, mdogo wangu."

Mdogo wake akasema kuanzia siku ile wasiitane. Akatoka na kuuvuta mlango taratibu, kama mtu anayeacha mgonjwa amelala.

Kamati ya chuo ilikaa. Nyota alieleza kwamba alipotoshwa na kiwanda, na kwamba sehemu ya konokono ndiyo iliyowapa watu imani. Alikuwa na makala nyingi mno. Alipoondolewa hiyo moja alishuka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya pili, na muhula uliofuata akarudi. Mama Konokono alikuwa amejenga ngazi ya kipago kimoja. Ilipovutwa, alikuta mstari uko juu yake kuliko zamani, na mkataba ukavunjwa kwa kifungu cha uaminifu. Hakukata rufaa. Aliona kifungu kile kilikuwa sahihi, hata kama hakikumgusa kila aliyestahili.

Walihamia vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya duka la vipuri. Fundi alipona kiasi cha kutembea hadi mlangoni na kurudi. Mchana mmoja, akiwa ameketi kitandani ameegemea ukuta, alimuuliza mkewe jambo ambalo ni wazi alikuwa amelibeba tangu hospitali.

"Siku ile uliponiambia vaa tu. Ulikuwa unajua?"

Mkewe alikuwa akikunja nguo. Akaiweka chini. "Sikujua kama ni sumu," akasema. "Nilijua kwamba sijui."

Fundi alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Kila pumzi ilikuwa kazi. "Ningevaa," akasema mwishowe. "Ungeniambia hivyo, ningevaa. Na wale ningewavalisha."

Hakugeukia ukutani. Alinyoosha mkono wenye ngozi mpya, nyembamba na nyekundu, akachukua ile nguo, akaendelea kuikunja yeye.

Jarida liliibatilisha makala. Lilipiga muhuri mwekundu juu ya kila ukurasa. Mama Konokono alidhani hapo ndipo mwisho. Lakini waliokuwa wamenukuu hawakurudi kuangalia, na waliowanukuu hao hawakuwahi kuiona makala yenyewe, na namba iliendelea kupanda. Ilipanda kwa kasi kuliko alipokuwa akiitaka. Basi kila asubuhi, kabla ya kwenda kufundisha masomo ya ziada kwa watoto wa sekondari, alitafuta walioinukuu upya na kumwandikia kila mmoja: mimi ni mwandishi wa pili, sentensi ile si kweli, tafadhali iondoeni. Wachache walimshukuru. Wengi hawakujibu. Mmoja alimwandikia kwamba kwa kuwa imenukuliwa mara nyingi kiasi hicho, anaona vigumu kuamini kwamba ina kasoro.

Kisha ikaja barua pepe kutoka kwa mhandisi wa maji wa nchi nyingine, mtu mwenye adabu sana. Alisema amepata anwani yake kwenye nakala ya zamani ya makala, na angependa ushauri wa mtaalamu kuhusu idadi ya magunia kwa bwawa la ukubwa fulani, linalohudumia miji mitatu. Aliomba radhi kwa kuchelewa kuuliza. Walikuwa wamekwisha kuanza kumwaga Jumatatu.

Ilikuwa Alhamisi. Mama Konokono alijibu kwa mistari miwili, kisha hakuweza kusubiri. Alitafuta namba ya ofisi ile mwishoni mwa barua, akaazima muda wa maongezi kwa mwenye duka la vipuri, akapiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu, anamtazama.

Akapiga tena.